Kwa Nini Mvuvi Afungue Wavu

Habari za kasa wa pwani ya Kenya, na watu wanaojitolea kumlinda

Katika pwani ya Watamu, kaskazini mwa Mombasa, mvuvi hutoka alfajiri kwenda kutazama wavu alioutega tangu jana. Siku nyingine hukuta tafi na changu. Siku nyingine hukuta wavu umepasuka, na ndani yake amenasa mnyama mzito mwenye gamba, anayevuta pumzi kwa shida. Huyo ni kasa. Nyama yake yaweza kulisha jamaa kubwa kwa siku kadhaa, na mafuta yake yana wanunuzi wa siri. Wavu nao una bei yake. Walakini wavuvi wengi wa sehemu hizo, badala ya kuchukua kisu, huchukua simu ya mkononi. Huwapigia watu wa kikundi cha kulinda kasa, nao huja wakampima mnyama yule, wakamtia alama ya chuma katika pezi lake, kisha wakamrudisha baharini akiwa mzima.

Mtu asiyeijua habari hii huenda akauliza: Je, mvuvi yule amepata faida gani? Na hao wanaokesha pwani usiku kucha wakilinda mayai ya mnyama asiye wao, wanatafuta nini? Maswali haya ni ya haki, wala hayajibiwi kwa neno moja. Yafaa kwanza kumjua kasa mwenyewe, kwani maisha yake ndiyo yanayoeleza kwa nini sheria peke yake haitoshi kumwokoa.

MNYAMA WA NCHI MBILI

Kasa ni wa jamaa moja na kobe, lakini miguu yake imekuwa mapezi, na karibu maisha yake yote huyapitisha baharini. Hata hivyo huvuta hewa kwa mapafu kama mtu. Kwa hiyo akinaswa chini ya maji kwa muda mrefu hufa kwa kukosa pumzi. Aina 5 za kasa huonekana katika bahari ya Kenya. Zinazojulikana zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kasa wa kawaida, ambaye akiwa mzima hula hasa majani yaotayo chini ya bahari. Ya pili ni ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka kama wa ndege na gamba la mabaka mazuri, ambaye chakula chake kikubwa ni sifongo zinazoota katika matumbawe.

Jike la kasa huja nchi kavu kwa jambo moja tu, nalo ni kutaga. Hungoja usiku, akapanda mchangani polepole hata apite mahali maji yanapofika wakati wa bamvua. Hapo huchimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, na mara nyingi hutaga mayai 100 au zaidi kwa mara moja, meupe, ya mviringo, yenye ganda laini kama ngozi. Kisha huyafukia, akatupa mchanga huku na huku ili kupaficha mahali penyewe, akarudi baharini. Hatayaona tena. Katika majira moja huweza kutaga mara kadhaa, kila baada ya majuma mawili hivi, kisha hupumzika miaka 2 au zaidi kabla ya kurudi kutaga tena. Katika Kenya kasa hutaga zaidi kuanzia mwezi wa Machi hata Julai.

Mayai hukaa mchangani kiasi cha miezi 2. Hapana mama wa kuyaatamia. Kazi hiyo hufanywa na joto la mchanga. Tena joto hilo hilo ndilo linaloamua kama atatoka dume au jike. Mchanga wenye joto jingi hutoa majike, na mchanga wenye ubaridi kidogo hutoa madume. Mpaka wa mambo hayo mawili u karibu na digrii 29 za Sentigredi.

Watoto wanapoanguliwa husukumana kupanda juu, wakangoja ubaridi wa usiku, kisha hutoka kwa pamoja na kukimbilia mahali penye mwangaza. Katika pwani isiyo na taa, mahali penye mwangaza ni upande wa bahari. Njiani huwangoja kaa, kenge, nguchiro na mbwa wa kijiji. Majini huwangoja ndege na samaki wakubwa. Wataalamu hukisia kwamba katika watoto 1,000 huenda akaokoka 1 tu hata kufikia utu uzima. Na huyo mmoja hakui upesi. Jike la kasa wa kawaida huchukua miaka 20 na zaidi, pengine hata 40, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na desturi yake ni kurudi kutaga katika pwani ya sehemu zile alikozaliwa.

Msomaji ayashike maneno haya, maana ndiyo kiini cha jambo zima. Mtu achinjaye kasa mzima hakuchinja mnyama mmoja tu. Amemchinja yule mmoja aliyeokoka kati ya wengi mno. Tena pengo lake halizibwi mwakani, kama pengo la kuku au la mbuzi. Huzibwa baada ya kizazi kizima cha watu, na huzibwa kwa sharti kwamba mayai yaliyotagwa leo hayakuchimbuliwa.

BIASHARA YA KALE

Watu wa pwani hawakuanza jana kumjua kasa. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chataja magamba ya kasa pamoja na pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani ya Afrika ya Mashariki. Nao wavuvi wa visiwa vya kaskazini, hasa Wabajuni, walikuwa na ustadi uliowastaajabisha wageni. Walimfunga kamba mkiani samaki aitwaye chazo, ambaye wengine humwita taza, mwenye kinyonyeo juu ya kichwa chake. Walipomwona kasa walimwachilia samaki huyo, naye alikwenda akajigandamiza katika gamba la kasa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuivuta kamba kwa akili, pasipo haraka, hata kasa akafika karibu na chombo.

Zamani hizo wavuvi walikuwa wachache, vyombo vyao vilikwenda kwa tanga na kwa kafi, na nyavu zilisokotwa kwa mkono. Mambo yalibadilika watu walipoongezeka na zilipokuja nyavu za nailoni zisizooza. Jarife, ambalo ni wavu wa matundu makubwa utegwao kwa ajili ya papa na taa, halichagui. Humnasa papa, humnasa na kasa. Gamba la ng'amba nalo lilitakiwa sana ng'ambo kwa kutengenezea vitana, fremu za miwani na mapambo. Ng'amba akapungua mno, hata amehesabiwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Mataifa yalipatana kupiga marufuku biashara ya magamba hayo kutoka nchi moja kwenda nyingine, lakini mapatano hayawezi kumrudisha mnyama aliyekwisha kuuawa.

SHERIA NA MIPAKA YAKE

Mwaka 1968 Serikali ya Kenya ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambazo zilikuwa za kwanza za namna hiyo nchini. Mwaka 1979 ikafuata hifadhi ya bahari ya Kiunga, katika sehemu za Lamu, karibu na mpaka wa Somalia. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yamkataza mtu kumwua kasa, na pia yakataza kuwa na nyama yake, mayai yake au gamba lake, au kuviuza. Adhabu yake si ndogo. Ni faini nzito au kifungo, ama vyote viwili.

Walakini kasa hajui kusoma ramani. Huweza kulala katika matumbawe ya hifadhi, akala majani nje ya hifadhi, akataga mbele ya hoteli au mbele ya kijiji ambako hapana askari hata mmoja. Pwani ya Kenya ina urefu wa zaidi ya kilomita 500, ukifuata vilindi, ghuba na mikono ya bahari. Askari wa wanyamapori, hata wangeongezwa mara mbili, hawawezi kusimama katika kila ufukwe kila usiku. Penye askari, sheria huweza kushikwa kwa hofu. Pasipo askari hushikwa na majirani, au haishikwi kabisa. Hapo ndipo kazi ya watu wa kujitolea inapoanzia.

Jambo la raia kujitolea kulinda wanyama si geni katika Kenya. Tangu zamani sheria imewatambua walinzi wa heshima, yaani raia wenye kazi zao nyingine waliopewa idhini ya kuisaidia idara ya wanyamapori pasipo mshahara. Jambo jipya ni kwamba siku hizi wanaojitolea si wachache wenye cheo, bali ni wavuvi, akina mama, vijana wa shule na watumishi wa hoteli.

KAZI INAVYOFANYWA

Mwaka 1993 iliundwa kamati ya kuhifadhi kasa katika Kenya, ijulikanayo kwa jina la KESCOM, ili kuziunganisha ofisi za Serikali na wananchi wa pwani. Vikundi vya kulinda kasa vikaundwa katika vijiji mbalimbali. Mwaka 1997 wakazi wa Watamu walianzisha kikundi chao kilichoitwa Watamu Turtle Watch. Kikundi hicho kimekua, na sasa ni shirika liitwalo Local Ocean Conservation. Shirika hilo lina wafanyakazi wa kulipwa, lakini mzizi wake ni watu waliojitolea, na hata sasa lisingeweza kufanya lolote kama wavuvi na majirani wasingekubali kushirikiana nalo.

Kazi ya kwanza ni doria ya usiku. Walinzi hutembea pwani kwa miguu wakitafuta alama za kasa aliyepanda, ambazo hufanana na njia iliyopitiwa na gurudumu pana. Hawawashi taa kali wala hawapigi kelele, kwa maana jike likishtuka kabla ya kuanza kutaga hurudi baharini na mayai yake. Akiisha kutaga hupimwa, na namba ya alama yake huandikwa katika daftari. Kwa njia hiyo hujulikana kama ni mgeni, au ni yule yule aliyeonekana miaka iliyopita.

Kama shimo lipo mahali salama, huachwa kama lilivyo. Kama lipo chini mno, ambako maji ya bamvua yatalifunika, mayai huhamishwa. Kazi hii yataka mtu aliyefundishwa, na sababu yake yafaa ielezwe. Saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza katika ukuta wa ndani wa ganda. Yai likigeuzwa baada ya hapo, hata kwa mkono wa upole, kijusi hukatika na kufa. Kwa hiyo mayai hayana budi kuhamishwa mapema, bila kugeuzwa, na kuwekwa katika shimo lenye kina sawasawa na lile la kwanza. Mtu mwenye huruma asiye na mafunzo aweza kuua mayai mia kwa dakika chache huku akidhani ameyaokoa.

Baada ya hayo huanza kungoja. Kila siku mtu hupita kutazama kama mbwa hawajafukua, au mtu hajachimbua, au upepo wa kusi haujauchukua mchanga. Watoto wakiisha kutoka, shimo hufukuliwa, maganda yakahesabiwa, na mayai yasiyoanguliwa yakahesabiwa mbali. Mara nyingine hukutwa watoto waliokwama katika mizizi, nao huwekwa mchangani watembee wenyewe hata baharini. Hesabu hizo zaweza kuonekana kazi ya bure, lakini bila hizo hapana mtu awezaye kusema kama kasa wanaongezeka au wanapungua.

Kazi ya pili ni ile ya wavu iliyotajwa mwanzoni. Huko Watamu ilianza mwaka 1998. Tangu wakati huo kasa zaidi ya 20,000 wametolewa katika nyavu na mitego wakarudishwa baharini, na baadhi yao walikuwa wale wale waliopata kuokolewa kabla, kama alama zao zilivyoonyesha.

Kazi ya tatu ni kuwauguza wale waliopatikana wakiwa wagonjwa. Wako waliomeza ndoana, na wako waliokatwa mapezi na kamba za kuvulia. Wengi hupatikana wakielea juu ya maji wasiweze kuzama, kwa kuwa wamemeza mifuko ya plastiki ikaziba matumbo na kufanya gesi ndani. Kasa asiyeweza kuzama hawezi kula, tena hugongwa na mashua kwa urahisi. Huko Watamu wagonjwa hao hutibiwa kwa muda wa majuma au miezi, na wanaopona huachiliwa.

MALALAMIKO YA MVUVI

Isingekuwa haki kusimulia mambo haya kana kwamba mwenye haja ni kasa peke yake. Mvuvi anayo haja yake, na malalamiko yake yana maana. Kasa mkubwa huweza kuurarua wavu wa fedha nyingi. Kumtoa, na kumngoja mtu wa kikundi afike, ni kupoteza saa ambazo samaki wengine wangepatikana. Tena wako wasemao kwamba hifadhi zimewanyima wavuvi sehemu walizovua wazee wao, kisha faida huwaendea wenye hoteli na wageni wao. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba kasa ni mnyama mzuri hakumsaidii kununua unga.

Basi majibu ya kweli ni yapi? La kwanza lahusu samaki wenyewe. Majani ya chini ya bahari ndiyo malezi ya samaki wadogo na kamba wengi. Kasa huyala na kuyapunguza, na majani yaliyopunguzwa huchipua upya, kama nyasi za malisho mema. Ng'amba naye hula sifongo ambazo zisipopunguzwa hugombana na matumbawe juu ya mahali pa kuota, na matumbawe ndiyo nyumba ya changu, chewa na pono. Kwa hiyo mvuvi anayemwachilia kasa hakuipa bahari zawadi bure. Amemrudisha mtumishi kazini.

La pili lahusu fedha. Wageni wanaofika Watamu huja kutazama yaliyomo baharini, na safari zao huwapa kazi manahodha, waongozaji, wapishi na wauza samaki. Kasa mmoja akiliwa, ameliwa mara moja. Akiwa hai, huonyeshwa mwaka hata mwaka. Lakini jibu hili ni kweli kwa mvuvi pale tu ambapo sehemu ya fedha hiyo hufika kijijini. Pasipofika, malalamiko yatabaki, na kasa ndiye atakayelipa.

La tatu lahusu yale malipo madogo ambayo mvuvi hupewa kwa ajili ya simu na usumbufu. Wengine huuliza kwa nini malipo hayo yasilingane na thamani ya nyama. Sababu yake ni hii: kama kumwachilia kasa kungeleta fedha nyingi kama kumwuza, wako ambao wangekwenda kuwavua kasa makusudi ili walipwe kwa kuwaachilia. Malipo yakiwa madogo humwondolea mvuvi hasara fulani bila kumgeuza kasa kuwa bidhaa. Ni mpango mwema, lakini si mkamilifu. Mvuvi aliyepasuliwa wavu bado huwa ametoa kitu chake mwenyewe. Kwa hakika katika orodha ya watu wa kujitolea, jina la mvuvi lastahili kuandikwa la kwanza.

Wala si wote waliokubali. Kasa bado huchinjwa kwa siri, na mafuta yake huuzwa kama dawa kwa watu wanaoamini kwamba huponya kifua. Wazee wa vijiji na kamati za wavuvi za bandari ndogo, zilizowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, wana kazi kubwa hapo kuliko askari, maana aliyechinja kasa usiku hujulikana kijijini kabla ya jua kuchomoza.

NYAMA YENYE HATARI

Liko jambo jingine ambalo kila jamaa ya pwani yapasa kulijua. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu, na sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu, wala haiondoki kwa kupikwa. Huwadhuru zaidi watoto, na mtoto anyonyaye huweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyeila. Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mwanamke 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 walipelekwa hospitali. Kasa yule hakuwa na alama yo yote ya kuonya. Watu waliokula kasa maisha yao yote bila kudhurika hawana njia ya kujua ni yupi atakayewaua.

TAA, TAKA NA MITI

Ziko njia nyingine za kumwua kasa bila kumgusa. Ya kwanza ni taa. Watoto wakitoka shimoni wakaona taa ya hoteli au ya nyumba inang'aa kuliko bahari, huigeukia bahari kisogo wakaelekea bustanini na barabarani, na asubuhi hukutwa wamekufa kwa jua. Ya pili ni taka. Mfuko wa plastiki ukielea majini hufanana na yavuyavu, na kasa huumeza. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilianza kukataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na amri hiyo imesaidia. Lakini chupa, kamba na nyavu mbovu zingali zikitupwa, na nyingine huletwa na mikondo ya bahari kutoka mbali.

Ya tatu ni kufyeka majani na miti iliyo juu ya pwani, na kujenga kuta mahali pake. Kuta humzuia jike asifike mahali pa kutaga, na mchanga usio na kivuli huwa na joto jingi. Hatari ya joto si maneno matupu. Mwaka 2018 wataalamu wa Australia na Marekani walitoa habari ya kasa wachanga waliozaliwa katika fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, wakaonyesha kwamba karibu 99 kati ya kila 100 walikuwa majike. Kundi lisilo na madume ya kutosha laweza kuonekana kubwa leo na kukatika kesho. Kwa hiyo yule anayeacha vichaka vya pwani visimame amefanya kazi ya ulinzi, hata kama hajapata kumwona kasa kwa macho yake.

YAWEZEKANAYO KWA KILA MTU

Si lazima mtu awe mtaalamu ndipo asaidie. Aishiye karibu na pwani aweza kuzima au kuziba taa zinazoelekea baharini katika majira ya kutaga, na kuwafunga mbwa wake usiku. Akiona alama za kasa mchangani, asichimbe, bali awape habari watu wa kikundi, ofisi ya wanyamapori au kamati ya wavuvi. Akimkuta kasa anataga, akae nyuma yake, mbali, kimya, bila taa. Mvuvi aweza kuuzuru wavu wake mara kwa mara, ili aliyenaswa apatikane kabla ya kufa. Mwalimu aweza kuwachukua wanafunzi wake kuokota taka pwani, na kuwaeleza kwa nini wanaziokota. Na kila mtu aweza kukataa kununua nyama, mafuta au pambo la gamba, kwa kuwa pasipo mnunuzi muuzaji huchoka.

MATUNDA YA SUBIRA

Je, kazi hii yafaa kitu? Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile ulitangaza kwamba kasa wa kawaida, aliyehesabiwa kwa miaka mingi kuwa hatarini, ameongezeka duniani kiasi cha kuondolewa katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Sababu zilizotajwa ni zile zile: kulinda fukwe za kutagia, kupunguza kuchinjwa kwa kasa na mayai, na kupunguza vifo vya nyavuni. Habari hiyo ni njema, lakini isiwafanye watu walale. Ziko bahari ambamo kasa wangali wakipungua, na ng'amba hajatoka hatarini.

Mtu apandaye mnazi hutumaini kuangua nazi kabla mtoto wake hajamaliza shule. Alindaye shimo la mayai ya kasa hana matumaini ya karibu hivyo. Mayai yaliyolindwa Watamu mwaka 1997, kama yalitoa jike lililookoka na papa, nyavu na taka, huenda jike hilo sasa limefika umri wa kutaga. Baadhi ya waliokesha usiku ule wamekuwa wazee. Endapo kasa huyo atapanda mchangani mwaka huu, hatamjua mtu aliyemlinda, wala hapana atakayeweza kumwonyesha mtu yule na kusema, huyu ndiye wako. Atakachokuta ni pwani yenye giza, mchanga usio na taka, na mtu mwingine, pengine kijana ambaye hakuwa amezaliwa mwaka ule, ameketi mbali kidogo, akingoja kimya amalize kazi yake.